Tuache Ulevi wa Nguvu: Somo la Land Rover ya Chinongwe



Mwishoni mwa likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Chinongwe, mkoani Lindi. Jioni moja vijana watano wa ukoo waliizunguka Land Rover 109 niliyorithi kwa mjomba wangu, wakafungua boneti, wakaanza kunihoji kama kamati ya Bunge inavyomhoji mkurugenzi wa halmashauri. Kwa nini gari la mtu mwenye shahada ya uzamivu linapanda kilima kwa gia ya pili? Kwa nini nisiifungie injini turbo? Kwa nini nisiing'oe kabisa injini hiyo ya mwaka 1974 nikaweka ya V8? Mmoja wao, mwanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa pili, alinionyesha kwenye simu picha za mamia ya Land Rover zilizokusanyika Arusha katika tamasha la mwaka 2024, kisha akaniambia kwa heshima zote: "Mjomba, la kwako linatuaibisha. Halina nguvu."

Niliwaahidi jibu la maandishi, na jibu lenyewe ni hili. Nawajibu mbele yenu wanafunzi, wanaharakati na watumishi wa umma kwa sababu swali la wapwa zangu haliishii gereji. Wizara zetu, halmashauri zetu na hata vyuo vyetu vinaugua ugonjwa uleule: tunaitafuta nguvu ya siku moja, tunasahau safari ya miaka thelathini. Msimamo wangu ni kwamba injini ya gari kuukuu inapaswa kurekebishwa ili ifike kila siku, na kwamba anayeirekebisha ili ingurume siku ya maonyesho anawaibia abiria wake. Nasema hivyo pia kuhusu serikali.

Kosa langu mwenyewe

Nianze kwa kukiri, maana mimi nami nililewa. Mjomba alilinunua gari hili mnadani katika miaka ya 1980, likiwa limeshachoshwa na idara moja ya serikali, akalitumia kwa zaidi ya miaka ishirini kubebea ufuta, mbaazi, korosho, maharusi na maiti. Sisi Wamwera ukoo wetu hufuata upande wa mama, na mpwa ana nafasi yake katika mali ya mjomba, ndivyo lilivyonifikia. Pamoja na funguo aliniachia daftari ambamo kila oili iliyobadilishwa, kila plagi na kila beringi viliandikwa kwa tarehe na kilomita. Daftari nililifungia kabatini. Gari nikalipeleka Dar es Salaam, kwenye gereji iliyosifika kwa kuziongezea nguvu injini za zamani.

Walifanya nilichowaomba. Waliichonga silinda hedi ili mgandamizo uongezeke. Waliondoa kabureta ya kiwandani wakaweka yenye makoo mawili. Waliiwahisha taiming ya cheche. Waliifungua eksozi. Na chujio la hewa la kiwandani, lile kopo zito jeusi lenye oili chini yake, walilitupa kwa maelezo kwamba linaibana injini pumzi. Badala yake wakaweka kichujio kidogo cha wazi kinachong'aa. Nilipolijaribu kwenye lami nilifurahi kama mtoto aliyenunuliwa baiskeli. Nililiendesha hadi Lindi nikijisifu kwa kila aliyekubali kunisikiliza.

Miezi saba baadaye, usiku mmoja wa msimu wa korosho, mke wa binamu yangu alishikwa na uchungu kabla ya siku zake. Gari pekee lililokuwapo jirani usiku ule lilikuwa langu. Tulimlaza nyuma juu ya godoro, mama yake na mkunga wakakaa kando yake, tukaanza safari ya Nachingwea. Barabara ilikuwa vumbi tupu, tulikuwa watu saba, na petroli niliyokuwa nayo niliinunua kwenye chupa. Kwenye mwinuko wa kwanza nilisikia injini ikigonga, sauti kama ya mtu anayepiga bati kwa nyundo ndogo. Nilijua maana yake, lakini nilikanyaga mafuta zaidi. Kwenye mwinuko wa pili geji ya joto ilifika mwisho, moshi wa samawati ukatanda nyuma yetu, gari likasimama. Pistoni ya tatu ilikuwa imetoboka.

Tulikaa gizani karibu saa mbili, mahali ambapo simu hazikushika mtandao. Kilichotuokoa ni lori kuukuu la Isuzu lililosheheni magunia ya korosho, likipanda kilima polepole kiasi kwamba mtu angeweza kutembea kando yake. Dereva alimpakia mama mzazi kwenye kabini pamoja na mkunga, akaendelea na mwendo wake uleule, akafika. Mtoto alizaliwa alfajiri, mzima, na leo anasoma darasa la kwanza. Sijihesabii sifa yoyote katika uzima wake.

Injini inavyofanya hesabu zake

Sasa tuiangalie injini yenyewe, maana wapenda nguvu husema kwamba kutegemeka ni neno la waoga. Injini ya petroli ya lita 2.25 ya Land Rover ilianza kuuzwa mwaka 1958, ikiwa na ujazo wa sentimita za ujazo 2,286. Nguvu yake ni kama farasi 70 hivi; gari dogo la kisasa lenye nusu ya ujazo huo hulikaribia au hulipita. Uwiano wake wa kawaida wa mgandamizo ulikuwa 7 kwa 1, kiwango cha chini sana kwa vipimo vya leo. Kijana akisoma tarakimu hizo anaona udhaifu. Fundi anaona akiba.

Tuanze na mgandamizo. Ukiuongeza, kila tone la mafuta linatoa kazi zaidi. Huo ni ukweli wa fizikia na sibishani nao. Lakini mchanganyiko wa hewa na mafuta uliobanwa mno hupata joto kiasi cha kulipuka wenyewe kwa kishindo, badala ya kuungua kwa mpangilio kutoka kwenye plagi. Pistoni hupigwa kama kwa nyundo. Hatari huongezeka taiming ikiwahishwa, mzigo ukiwa mkubwa na petroli ikiwa duni. Na petroli duni kwetu si jambo la kufikirika. EWURA ilianzisha mpango wa kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu watu walikuwa wanachanganya petroli na mafuta ya taa. Injini ya 7 kwa 1 husamehe chupa mbaya ya petroli. Injini iliyochongwa hedi haisamehi, na injini yangu haikunisamehe.

Kuna pia vumbi. Lile kopo jeusi lililotupwa huipitisha hewa kwenye oili, vumbi likabaki humo, na mtu analisafisha kwa kitambaa na kulijaza oili mpya hata akiwa porini. Kichujio kidogo cha wazi kinaruhusu hewa nyingi kwa haraka, na ndiyo maana kinaongeza nguvu kwenye lami ya mjini. Katika barabara zetu nyekundu za Kusini kinaruhusu pia mchanga laini unaokwangua ringi na kuta za silinda kama msasa. Ninapoifikiria gereji ile, naona kwamba haikunidanganya. Iliirekebisha injini kwa ajili ya barabara iliyoifahamu. Aliyesahau kwamba gari linakwenda Chinongwe ni mimi.

Mtu akitaka ushahidi wa kiwanda, upo. Mhimili mkuu wa injini hii, ambao mafundi huuita krenki, ulishikiliwa kwa beringi kuu 3. Mwaka 1980 kiwanda kilipoiboresha injini, kiliongeza beringi hizo hadi 5, na nguvu ikabaki karibu ileile. Wahandisi walikuwa na nafasi ya kujivunia farasi wengi zaidi, wakachagua mhimili usiotikisika.

Ushahidi mwingine unapita mbele ya macho yenu kila siku. Toyota Land Cruiser ya mabati, ambayo hubeba wagonjwa, polisi na wahudumu wa misaada kuanzia Mtwara hadi Goma, kwa miaka mingi imetumia injini ya dizeli iitwayo 1HZ: silinda 6, ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, bila turbo, na nguvu ya farasi takribani 130 tu. Kwa ujazo ule kiwanda kingeweza kukamua nguvu nyingi zaidi, na katika injini nyingine za ukoo huohuo kilifanya hivyo. Kwa magari ya kwenda mwisho wa barabara kiliiacha injini kubwa ifanye kazi ndogo, na ndiyo maana inazeeka taratibu.

Basi kutegemeka ni nini? Ni nafasi inayobaki kati ya kile ambacho injini inaweza kukifanya na kile unachoitaka ikifanye kila siku. Anayetafuta nguvu ya mwisho anaitumia nafasi hiyo yote leo. Hakuna anayeiona akiba hiyo siku njema, na kwa hiyo hakuna anayeipigia makofi. Huonekana usiku, kwenye mwinuko wa pili, na petroli mbaya, na mgonjwa nyuma.

Washindi walishinda kwa kufika

Huenda mtu akasema kwamba hayo ni ya wakulima na wauguzi, wala hayawahusu wanaoshindana. Hebu tuulize mashindano yenyewe. Safari Rally ilianza mwaka 1953 na kupita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 magari 84 yalianza. Yaliyomaliza ni 7. Mwaka 1968 matope na mvua vilirudia hukumu ileile, yakamaliza 7. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki, na gari lilikuwa Peugeot 404, gari la familia ambalo wazee wetu walilijua kama teksi na gari la mwalimu mkuu. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1966 na 1967, ushindi ulikuja Tanzania: Bert Shankland na Chris Rothwell, nao kwa Peugeot 404. Mwaka 1965 Joginder Singh alikuwa ameshinda kwa Volvo ambayo haikuwa hata mpya. Ilikuwa imeshatumika katika mashindano kabla ya kumfikia.

Katika miaka hiyo yalikuwapo magari yenye nguvu kuliko hayo, na mengi yaliishia matopeni au kando ya barabara huku injini zikichemsha. Hata mashindano ya mwendo, katika nchi yenye barabara kama zetu, yalikuwa kwanza mashindano ya kufika.

Nachingwea ilipokuwa gereji ya dunia

Sisi wa Nachingwea na Ruangwa tuna sababu ya pekee ya kulielewa jambo hili, kwa kuwa ardhi yetu ilitumika kwa jaribio kubwa kuliko yote la nguvu bila kutegemeka. Namaanisha mpango wa karanga wa Waingereza.

Mwaka 1946, baada ya vita, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulipendekeza mashamba 107, kila moja la ekari 30,000, yaani ekari milioni 3.21 kwa jumla. Mashamba 55 kati ya hayo yalipangwa katika Jimbo la Kusini, huku kwetu. John Strachey, waziri wa chakula, aliubeba mpango kwa shauku. Kila kitu kilitakiwa kwa haraka. Kwa kuwa Kusini hakukuwa na reli wala bandari ya kufaa, kazi ilianzia Kongwa, mahali palipofikika kwa haraka zaidi, ingawa mvua yake haitabiriki na udongo wake hukauka ukawa kama saruji.

Na mashine? Zilikusanywa popote zilipopatikana. Matrekta na matingatinga yaliyotumika yalinunuliwa kutoka kwenye masalia ya vita, mengine yakitoka Ufilipino. Baadaye kiwanda cha Vickers kikabadili vifaru vya Sherman kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Fikirini picha hiyo: kifaru kinaondolewa mzinga na kuambiwa kikalime karanga. Nguvu ilikuwapo ya kutisha. Ambavyo havikuwapo ni karakana za kutosha, vipuri vilivyolingana, na madereva waliopewa muda wa kujifunza. Kabla mwaka 1947 haujaisha, theluthi mbili ya matrekta yaliyoingizwa nchini yalikuwa hayafanyi kazi. Lengo la mwaka huo lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika ekari 10,000.

Kwetu Kusini ulijengwa mji wa Nachingwea, bandari ya Mtwara, na reli iliyofika Nachingwea mwaka 1949. Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuachia mpango, ikafuta kwenye vitabu vyake takribani pauni milioni 36. Reli ilifungwa mwaka 1962, na leo mgeni anahitaji kuonyeshwa mahali tuta lake lilipopita. Wakati wote huo bibi zetu walikuwa wakilima karanga kwa jembe la mkono kwenye ardhi ileile, wakivuna kila mwaka, wakila na kuuza. Hakuna tume iliyokwenda kuwauliza wanafanyaje.

Sisemi kwamba jembe la mkono ni bora kuliko trekta. Mgongo wa mama yangu ungenipinga. Nasema kwamba trekta lisilo na fundi, kipuri na dereva aliyefundishwa linamshinda mwenye jembe kwa mwezi mmoja tu, kisha mwenye jembe analipita likiwa limelala chini ya mwembe.

Kuchonga hedi ya mwalimu

Waingereza waliondoka na ulevi ule ukabaki. Mwaka 2009 tulisikia Kilimo Kwanza, na pawatila zikasambazwa vijijini. Nimeziona kwa macho yangu baadhi zikiwa makazi ya kuku kwa kukosa kipuri cha bei ya mbuzi mmoja. Mwaka 2013 serikali, kwa kuiga mfano wa Malaysia, ilizindua mpango ulioitwa Matokeo Makubwa Sasa. Litazameni jina lenyewe. "Makubwa" ni kilele. "Sasa" ni haraka. Neno la tatu, ambalo lingesema matokeo hayo yatadumu vipi, halikuwekwa. Kabla muongo haujaisha jina hilo lilikuwa halisikiki tena katika hotuba, na walioapa kwalo walikuwa wameshahamia msemo mwingine.

Watumishi wa umma mnaonisoma mnajua utaratibu kuliko mimi. Bajeti inapobanwa, fungu la kwanza kukatwa ni matumizi mengineyo, na humo ndimo ilimolala oili ya jenereta, tairi la gari la wagonjwa, dawa ya kusafishia tangi la maji na posho ya fundi wa kwenda kijijini. Fungu la ujenzi mpya halikatwi kirahisi, kwa kuwa lina utepe wa kukata na kamera za kupiga picha. Hakuna kiongozi aliyewahi kualikwa kuzindua ubadilishaji wa chujio la oili. Matokeo yake ni halmashauri yenye shangingi jipya linalomkimbiza bosi kwenye uzinduzi kwa mwendo wa kilomita 140 kwa saa, na gari la wagonjwa lililoegeshwa juu ya mawe.

Lakini tatizo la kina zaidi ni hili. Tunapotaka matokeo zaidi hatuongezi ukubwa wa injini, tunaichonga ileile. Mwalimu mwenye wanafunzi 100 darasani anaambiwa apandishe ufaulu. Muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku anaambiwa aboreshe huduma kwa wateja. Ofisa ugani mmoja wa vijiji vitano anapewa malengo ya vijiji kumi, pamoja na jedwali la kujaza kila Ijumaa. Kwa miezi michache takwimu zinapanda, kama gari langu lilivyokimbia kwenye lami. Kisha watu wanaanza kugonga: wanaugua, wanajaza takwimu za uongo, wanaacha kazi au wanabaki bila kujali. Nasi tunawaita wazembe. Katika injini, sauti ya kugonga ni taarifa kwa dereva kwamba ameomba kupita kiasi. Dereva mwenye akili hupunguza mafuta na kushusha gia. Sisi huongeza mafuta. Nami nilifanya hivyo usiku ule, kwa hiyo ninazungumza kama mkosaji mwenzenu.

Tusiseme kwamba hatujui njia nyingine. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha sheria iliyouimarisha Mfuko wa Barabara, ili tozo kwenye mafuta ilindwe kwa ajili ya matengenezo ya barabara, badala ya kusubiri huruma ya bajeti ya kila mwaka. Mtu anaweza kulalamikia kiwango chake na matumizi yake, na mimi ni mmoja wa walalamikaji. Lakini wazo lake ni wazo la fundi: kitu kilichojengwa kina haki ya kutunzwa, na haki hiyo iandikwe katika sheria.

Pingamizi mbili

Najua nitakayoambiwa. La kwanza: kwamba ninatetea unyonge na ukuukuu. La hasha. Kuna kutegemeka kwa uongo, nami nakukataa vilevile. Mafundi wetu wengi, gari likichemsha, huitoa thamostati na kuitupa, wakiamini wamelinusuru. Gari haliwaki taa tena wala haliungurumi, lakini injini inafanya kazi ikiwa baridi kuliko inavyotakiwa, inakula mafuta na kulika taratibu bila mtu kujua. Ofisi inayokwepa kosa kwa kutofanya lolote, inayorudisha kila faili kwa sababu sahihi haikuwekwa kwa wino wa bluu, ni gari lililotolewa thamostati. Kutegemeka ninakokutetea ni kwa kazi: kubeba mzigo, kupanda kilima, na kurudi kesho kuufuata mwingine.

La pili: kwamba kuna mahali nguvu inahitajika. Kweli. Gari la zimamoto lisiende kama lori la korosho. Lakini nguvu ya halali hupatikana kwa kuwa na injini kubwa isiyokamuliwa, kama ile ya dizeli niliyoitaja, pamoja na rejeta inayotosha, beringi zinazotosha na fundi anayelipwa. Ukitaka shule ifaulishe zaidi, ongeza walimu na madarasa. Hiyo ni gharama, na kuichonga hedi kunaonekana ni rahisi kwa kuwa bili yake huja usiku na hulipwa na mtu mwingine. Usiku ule haikulipwa na mimi niliyeisifu gereji. Aliyelala nyuma kwenye godoro ni mke wa binamu yangu.

Sisi wa Kusini hatuhitaji kuhubiriwa sana juu ya hili. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, mvua zikinyesha mto Rufiji ulitutenga na Dar es Salaam kwa majuma. Tulijifunza kuuliza swali moja tu juu ya gari, basi au ahadi: litafika?

Ninachodai

Kwa hiyo nadai mambo matatu, nayo ni ya kawaida kabisa. Kwanza, kusinunuliwe mashine yoyote ya umma, iwe pampu, trekta au mashine ya eksirei, bila fungu la matunzo ya umri wake wote kuidhinishwa siku hiyohiyo na kulindwa lisikatwe. Pili, taarifa za halmashauri zihesabu siku ambazo kitu kilifanya kazi, badala ya siku kilipozinduliwa. Mwananchi wa Chinongwe ana haki ya kusoma ubaoni kwamba pampu ya maji ilifanya kazi siku ngapi mwaka uliopita. Tatu, tumpandishe cheo mtunzaji. Yule ofisa ambaye kituo chake hakijawahi kukosa dawa ya malaria hana habari ya kupeleka gazetini, na ndiye tunayepaswa kumtafuta.

Nanyi wapwa zangu, nawarudia. Baada ya usiku ule nililipeleka gari kwa fundi mzee wa Nachingwea aliyemfahamu marehemu mjomba. Hakunikaripia. Aliniuliza daftari liko wapi, nami nikaona haya. Alitafuta hedi isiyochongwa kwenye gari lililokufa, akakwangua krenki na kuweka beringi mpya, akazibua rejeta, akairudisha kabureta ya kiwandani na thamostati yake. Valvu alizipima kwa nafasi ya milimita 0.25 zote nane. Taiming aliiweka kwa sikio: alipakia magunia, akapanda kilima, akaiwahisha hadi injini ikaanza kulalamika, kisha akairudisha nyuma kidogo. "Hapo kwenye kidogo," aliniambia, "ndipo unapokaa uhai wa gari." Lile kopo jeusi la chujio alilipata kwa muuza vyuma chakavu.

Tangu hapo limebeba wagonjwa wanne, misiba miwili na mazao ya misimu yote, kwa gia ya pili kila lifikapo kwenye mwinuko ule. Halijasimama. Mwanafunzi wa uhandisi aliyeliona ni aibu nimempa kazi likizo ijayo: daftari la mjomba limejaa, anunue jipya, aandike ukurasa wa kwanza. Aanze na tarehe, kilomita, na oili.